Mchukua damu aliyeahidi kuirudisha nyumbani

Saa moja asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi, Arapera Tamehana anapasha moto mikono yake. Anaiweka chini ya bomba la maji ya moto, anaisugua, anaikausha, kisha anaigusisha shingoni mwake mwenyewe kuona kama bado ina baridi.

"Mtu anakuja hapa na hofu ya sindano," anasema. "Sasa umshike na mikono ya barafu? Atadhani umetumwa kutoka mochwari."

Mlangoni amesimama mzee mwenye kofia ya sufu, mkono wa shati ameshaukunja mpaka begani.

"Ara, leo unanyonya kiasi gani?"

"Nitakuachia ya kukufikisha kwenye gari. Kaa."

"Na ya kupanda ngazi za nyumbani?"

"Hiyo kamwombe mkeo."

Sindano inaingia mzee akiwa bado anacheka. Anapogeuka kuangalia mkono wake, kichupa cha kwanza kimeshajaa.

Hiki ni kitengo cha majaribio ya dawa za saratani na magonjwa ya damu, katika hospitali moja mjini Tauranga. Wanaokuja hapa ni watu ambao dawa za kawaida zimewachoka, au wao wamezichoka. Wanakubali kujaribu dawa ambazo bado hazina jina, zina namba tu.

Mama Arapera, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, huchukua damu yao, huizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, huigawa kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mtoto, na kuifunga ndani ya sanduku la barafu kavu ili isafiri kwenda kwenye maabara za ng'ambo.

Vichupa navyo hubandikwa namba, kwani utafiti hauruhusu jina. Lakini kila anapobandika namba, mama huyu hutaja jina la mwenye damu kwa sauti ya chini.

"Isiondoke kama mzigo wa dukani," anasema. "Iondoke ikijua ni ya nani."

Dk. Imogen Sallis, daktari bingwa wa magonjwa ya damu anayeongoza kitengo hicho, anakumbuka mara ya kwanza alipomsikia. "Nilidhani anaongea peke yake. Nikamwuliza kwa upole kama hahitaji likizo. Akaniambia, 'Likizo nenda wewe, mimi naaga watu.'"

Miongoni mwa wote aliowaaga hivyo, kuna mmoja ambaye jina lake lilimkaa kifuani kwa miaka kumi na moja. Ni Pirihira Maaka.

Mama Arapera anapoanza kumzungumzia Pirihira, husogeza kiti chake mbali na meza ya kazi, kana kwamba simulizi hiyo inahitaji nafasi yake.

Wakati huo kitengo hakikuwa na jengo. Kilikuwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na siku za mvua harufu ya sabuni ya kufulia ilirudi kutoka kwenye kuta. Mshahara wake haukuzidi dola kumi na saba kwa saa, na mara nyingi yeye ndiye aliyefagia.

"Tulikuwa na viti vitatu, jokofu moja la damu na gitaa," anasema. "Gitaa lilikuwa la nani sijui mpaka leo. Ila lilikuwa na kazi nyingi kuliko jokofu."

Pirihira alikuwa na saratani ya uboho. Alitoka pwani, mbali kupita mji wa Ōpōtiki, barabara inakozunguka na kuzunguka mpaka mgeni atapike. Mafuta ya kwenda na kurudi yalikula zaidi ya dola mia moja, kwa hiyo ukoo ulikuwa ukipeana zamu ya kumleta. Hakuwahi kufika mikono mitupu. Alileta mkate wa rēwena, ule unaochachushwa kwa viazi, umefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, bado una joto.

Lakini chakula hakiliwi palipo na damu. Hilo kila mtu wa pwani ile amelijua tangu utotoni. Basi Pirihira aliwatoa wote nje. Wagonjwa watatu, kila mmoja akisukuma mlingoti wake wa dripu, waliketi kwenye ngazi za nyuma karibu na mapipa ya taka, wakila mkate na siagi juani. Muuguzi mkuu alipokuja na hasira, Pirihira alimsogezea kipande.

"Kula kwanza, binti, halafu utufokee. Ukifoka na njaa unaumwa kichwa."

Muuguzi mkuu alikula. Mwezi uliofuata alileta jamu.

Mama Arapera anacheka mpaka anavua miwani. "Madaktari wetu wa siku hizi wazuri sana. Na viti vinajikunja vyenyewe, sijui vinakanda mgongo. Lakini kwenye zile ngazi watu walikuwa wakisahau walichokuja kufanya."

Anarudisha miwani machoni. "Wengi hawapo sasa. Ngazi nazo walizivunja, wakajenga maegesho."

Siku ambayo Pirihira alipaswa kutia saini ya kuingia kwenye jaribio, daktari wa wakati huo alimsomea kila kitu taratibu. Alimweleza kwamba damu itapelekwa Ubelgiji, itahifadhiwa kwa miaka, na itakayobaki itachomwa hukohuko. Pirihira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Arapera, aliyekuwa kimya pembeni na trei yake ya sindano.

"Wewe ni mtoto wa kwetu," akamwambia. "Nielewe mimi. Nywele nikizikata nazizika. Kitovu cha mwanangu nilikizika. Leo damu yangu iende kuchomwa kwa watu wasiojua hata kulitamka jina langu?"

"Hapana, mama," Arapera akajibu. "Nitairudisha."

Daktari akamtazama. Karatasi zilikuwa zimesema kinyume kabisa.

"Sikuwa na uwezo wa kusema neno lile," anasema sasa. "Nilikuwa mchukua damu tu. Lakini angekuwa mama yako mbele yako, amekukazia macho vile, ungesema nini? Ungesema soma ukurasa wa sita?"

Pirihira alitia saini. Dawa ile ilimkubali. Miaka mitatu zaidi alipika mkate, aliimba kwenye kile chumba cha mashuka, aliwashika wajukuu wawili ambao hakutarajia kuwaona. Alifariki kwake, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa bahari.

Kwenye msiba, mwanawe wa pekee, Tiaki, alimfuata Arapera nyuma ya jikoni ambako wanawake walikuwa wakimenya viazi.

"Shangazi, mama aliniambia utaileta."

"Nitaileta."

"Sawa. Sisi tupo."

Miaka ikapita, na ile "sisi tupo" ikazidi kuwa nzito kila mwaka. Mama Arapera aliulizia mara moja, akajibiwa kwamba utafiti bado haujafungwa. Akaulizia tena, akajibiwa vilevile. Kitengo kilihamia jengo jipya. Wafanyakazi wa kampuni ya dawa walibadilika, na waliokuja hawakumjua Pirihira wala ahadi.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka huu, mlango wa chumba chake ulifunguliwa na mtu aliyelazimika kuinamisha kichwa kupita. Alikuwa Tiaki.

Tiaki Maaka ana miaka arobaini na tisa na anaendesha lori la magogo. Ugonjwa uliomwua mama yake ulimpata naye. Kwa miaka mitatu alitibiwa kwa vidonge katika hospitali ndogo ya karibu na kwao, akaendelea na kazi. Kiangazi kilichopita vidonge vikaacha kufanya kazi. Uti wa mgongo ukaanza kumuuma, lori likawekwa chini, na daktari wake akamwelekeza Tauranga.

Dk. Sallis alikuwa na jaribio jipya linalomfaa. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na kundi lile lilipaswa kuanza dawa kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Matibabu mengine yaliyobaki, daktari anasema, yasingempa muda mrefu.

Tiaki alisikiliza kama mama yake alivyosikiliza, mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Damu inakwenda wapi?"

"Ubelgiji," akajibu daktari.

Tiaki akasimama. "Basi hapana, asante."

Mama Arapera alimkimbilia kwenye korido. Mazungumzo yao yalisikika mpaka mapokezi, na wahudumu wa pale bado wanayakumbuka.

"Tiaki! Wewe mtoto, rudi hapa!"

"Nina karibu miaka hamsini, shangazi."

"Na akili ya miaka mitano. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ya mama ni deni langu mimi. Hii ni dawa yako wewe."

"Kwako ni mawili. Kwangu ni moja. Mama yuko kule kwenye jokofu la watu, na mimi nimfuate? Atabaki nani huku wa kutuita?"

"Kwa hiyo ufe?"

"Sijasema nife. Nimesema ya mama kwanza."

Jioni ile Mama Arapera hakula. Mumewe, Hōhepa, fundi wa mabomba mstaafu, alimwambia jambo ambalo mkewe hakutaka kulisema. "Huwezi kumrudishia mama yake ili akubali sindano. Hiyo itakuwa biashara. Mrudishie kwa sababu ulisema."

Hilo ndilo alilolishika. Dk. Sallis anasema Mama Arapera alimjia asubuhi na kumweleza waziwazi. "Aliniambia, 'Nitaitafuta hiyo damu hata kama Tiaki atakataa baadaye. Wewe nisaidie tu kugonga milango.' Nilimwambia nitamshikia Tiaki kiti, lakini siwezi kukishikilia milele. Kulikuwa na wagonjwa wengine."

Kampuni ilijibu haraka safari hii, na jibu lilikuwa baya. Utafiti ule wa zamani ulikuwa umefungwa hatimaye. Masalia yote ya damu yalikuwa kwenye foleni ya kuchomwa.

"Nilisoma mara mbili," anasema. "Miaka yote niliambiwa ningoje ufungwe. Umefungwa, wanawasha moto."

Hakuandika tena kwa kampuni. Alitafuta namba ya simu ya maabara yenyewe, akakaa mpaka jioni ili huko kukuche, akapiga. Aliyepokea ni msichana wa chumba cha majokofu aitwaye Lieve. Kiingereza cha mmoja kilikuwa cha pwani, cha mwingine cha Ubelgiji, wakaelewana kwa kurudiarudia.

"Sikumwambia habari za sheria. Nilimwambia, dada, wewe unafanya kazi kama yangu. Unashika watu usiowaona. Mmoja wa hao watu mimi namjua. Alikuwa akipika mkate."

Lieve alichukua kalamu. Halafu akauliza, "Namba yake?"

Mama Arapera aliitaja bila kuangalia popote.

Msichana yule alivitoa vichupa kwenye foleni siku hiyohiyo na kuviweka rafu ya juu, pembeni. Lakini maabara hairuhusiwi kumkabidhi mtu binafsi damu ya utafiti. Maabara hukabidhi maabara. Basi Dk. Sallis akaandika, mkuu wa maabara ya hospitali akaweka saini, kamati ya maadili ikakaa, na kampuni, iliyokuwa haijawahi kuombwa kitu kama hicho, ikasema haina pingamizi mradi isilipie usafiri. Usafiri ulilipwa kwa fedha za bahati nasibu iliyochezeshwa baa ya Ōpōtiki, zawadi ikiwa nyama. Aliyeshinda mguu wa kondoo aliurudisha ukachezwa tena.

Sanduku lilifika siku ya Jumatano, wiki moja kabla ya nafasi ya Tiaki kufungwa. Mama Arapera alilifungua yeye mwenyewe, moshi wa barafu kavu ukimfunika mikono. Alikuwa amepeleka vichupa vinane. Ndani mlikuwa na vitano.

Lieve alikuwa ameeleza kwa maandishi mafupi kwamba vitatu vilikuwa vimetumika katika utafiti. Hakuna kilichobaki ndani yake.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Nikajisemea, nimwambie vipi? Nimwambie nimemleta mama yako, ila si wote?"

Alimpigia simu. Alimwambia neno kwa neno. Upande wa pili ikasikika sauti ya mbwa anabweka, kisha Tiaki akasema, "Nakuja na gari." Simu ikakatika.

Walimzika Jumamosi. Binamu mmoja aliongoza sala, na sanduku dogo la mbao lenye vichupa vile, ambalo Hōhepa alilitengeneza kwenye banda lake likashushwa kando ya kaburi la Pirihira. Walitoka makaburini, wakanawa mikono getini, wakaingia kula. Kulikuwa na kambakochi, viazi vitamu, na mkate ambao kila shangazi alidai ndivyo hasa ulivyokuwa wa Pirihira. Hakuna uliofanana.

Tiaki hakuwa amesema na Mama Arapera tangu asubuhi. Alikuja na sahani yake, akaketi mbele yake.

"Hivyo vitatu," akasema. "Vilifanya nini?"

"Walivipima waone dawa inakaaje mwilini. Nani apewe nyingi, nani apewe kidogo."

"Halafu?"

"Halafu ikapita. Ikawa dawa."

"Dawa gani?"

Mama Arapera alimtazama akidhani anamtania. "Tiaki. Ile uliyokuwa ukimeza."

Uma wa Tiaki ukabaki hewani. Katika nyumba ya Maaka dawa ile haikuwahi kuwa na jina. Pirihira aliiita "namba yangu", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa imeandikwa kwenye kopo la jaribio. Miaka baadaye ilipopewa jina zuri la dukani na kufika hospitali ndogo ya pwani kwenye pakiti ya rangi ya bluu, hakuna aliyefikiria kumweleza mwanawe kwamba ni ileile. Pale kitengoni kila mtu alidhani Tiaki anajua.

"Vidonge vya bluu?" akauliza. "Vile vilivyonirudisha kwenye lori?"

"Vilevile."

"Miaka mitatu?"

"Na yeye mitatu."

Mama Arapera anasema alidhani Tiaki atalia, akaanza kutafuta kitambaa. Badala yake mabega yale makubwa yakaanza kutikisika kwa kicheko, mpaka watu wa meza za mbali wakageuka.

"Yule mama!" akasema. "Nilipokuwa mdogo supu alikuwa ananionjea, maziwa ananionjea, maji ya kuoga anaweka kiwiko. Hata dawa kaniwahi kuionja!"

Hapo ndipo alipolia, na shangazi mmoja akamwekea kipande cha pili cha mkate bila kuuliza.

Jumanne asubuhi alikuwa kwenye kiti cha kitengo, kofia mkononi, amewahi kuliko wauguzi. Alikuwa na sharti moja. Damu yake haitaondoka mpaka njia yake ya kurudi ikubaliwe kwanza, kwa saini ya kampuni, mbele ya macho yake. Dk. Sallis alikuwa ameshayapata makubaliano hayo tangu Ijumaa, yakisema masalia ya mgonjwa anayetaka yatarudishwa, na hayatachomwa kabla familia haijaulizwa.

"Tuliwahi kufikiri ni jambo gumu," daktari anasema. "Kumbe hakuna aliyewahi kuuliza kwa sauti."

Sasa Tiaki yuko kwenye mwezi wa nne wa dawa. Bado ni mapema, na hakuna anayemwahidi kitu. Maumivu ya mgongo yamepungua, anatembea mpaka ufukweni na kurudi, na amelalamika kwamba chai ya kitengo ni maji ya kuoshea vikombe. Mama Arapera analichukulia lalamiko hilo kuwa habari njema.

Alipaswa kustaafu mwezi ujao. Hōhepa alikuwa ameshanunua hema. Ameomba aongezewe mwaka mmoja, hospitali imekubali, na hema limewekwa juu ya kabati.

Mipango yake ya mwaka huo si mikubwa. Anataka kila jaribio jipya linapoletwa mezani, swali la njia ya kurudi liulizwe siku ya kwanza, na mtu mwingine awe anajua kuliuliza yeye akiondoka. Amekwisha kumfundisha muuguzi mmoja kutaja majina. Muuguzi huyo anasema bado anaona aibu, anayataja kimoyomoyo.

Na vichupa vya Tiaki? Vimefika Ubelgiji salama. Lieve alituma ujumbe kusema vimekaa rafu ya juu. Utafiti huo utachukua miaka, pengine mitano, pengine zaidi, kabla masalia hayajarudi.

Mama Arapera anakunja mikono juu ya aproni yake. Nje kwenye maegesho, lori tupu linanguruma. Leo Tiaki ameruhusiwa kuliendesha kwa mara ya kwanza, na amelileta mpaka hospitalini ili tu watu walione.

"Ya mama yake niliipokea mimi," anasema, akiinuka kwenda dirishani kumpungia mkono. "Hii yake sitaki kuipokea. Nataka siku hiyo wampigie simu yeye, aje kuichukua mwenyewe, na hilo lori lake, akilalamika kwamba tumemchelewesha."